Ufalme wa Wimbini: mji wa Chazani ulihamwa kwa sababu gani hasa?

#1 Sanawari_Ramani (Arusha)
Wakuu, salaam. Jumamosi tunakaa Moshi kumalizia ramani ya pwani ya mashariki ya dunia yetu ya kubuni, na kuna sehemu moja imegoma: Chazani, mji mkuu wa kale wa Wimbini. Kwenye daftari la pamoja tulishaandika kwamba watu waliuacha na kuta bado zimesimama. Hakuna aliyeandika kwa nini.

Yaliyokwisha kukubaliwa ni haya. Siku za neema walikuwa watu 9,000. Mji uko juu ya mwamba wa matumbawe, mita 7 kutoka usawa wa bahari, mita 400 kutoka ufukweni. Ndani ya ukuta kuna visima 14, kila kimoja kina cha mita 6. Mbele kuna mwamba wenye mlango mmoja wa kupitisha vyombo. Kusini ya mji kuna mdomo wa mto Njano unaotoka Mlima Barafu, km 400 bara. Upepo ni kaskazi na kusi kama pwani yetu. Milango haina alama ya moto, mitaani hakuna mifupa, nyumba zimeachwa zimefagiliwa. Watu waliondoka ndani ya kizazi kimoja, na mji mkuu mpya, Mtondooni, uko km 60 kusini na unaendelea vizuri tu.

Nataka chanzo kinachosimama chenyewe. "Laana" sipokei. Karibuni.

#2 KwaSadala (Hai)
Bandari ilijaa tope. Watu wa mlimani wakifyeka miteremko, kila masika mto unashusha udongo. Mdomo uko kusini ya mji, na kusi ikianza kuvuma Aprili mkondo wa pwani unazidi nguvu kuelekea kaskazini, kwa hiyo tope lote linaletwa mlangoni kwa Chazani. Kina kikipungua, majahazi makubwa yanatia nanga nje ya mwamba, mizigo inashushwa kwa mitumbwi, nguo zinalowa, nahodha anaona bora amalizie Mtondooni. Wenye mali wanamfuata. Mji umekufa, kama Kilwa ilivyokufa Wareno walipofika 1505.

#3 Rau_Mto (Moshi)
Mkuu KwaSadala, umefikiria meli za gati. Vyombo vya Wimbini tulishasema ni mitepe: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga ni mkeka wa mraba. Chombo cha kushonwa kinajipinda kidogo kikigusa mchanga, hakipasuki kama cha misumari. Kinaingia maji yakijaa, maji yakipwa kinakaa chini, wapagazi wanatembea hadi ubavuni kupakua, maji yakirudi kinaelea. Bandari isiyo na kina ndiyo bandari yake. Tope linaudhi, halihamishi watu 9,000.

Angalia visima. Mji wa juu ya matumbawe unakunywa maji ya mvua yaliyozama na kuelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba. Kanuni yake: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 za maji baridi chini yake. Ardhi mita 7, kisima mita 6, basi uso wa maji uko mita 1 juu ya bahari, na chini una mita 40. Inaonekana ni neema. Sasa chota. Ukishusha uso wa kisima kwa sentimita 20, chumvi chini yake inapanda kuelekea mita 8. Watu 9,000 kwa lita 15 kila mmoja ni lita 135,000 kwa siku. Gawa kwa visima 14: kama lita 9,600 kila kisima, ndoo 480 za lita 20, kila siku, kiangazi na masika.

Na kosa ambalo kila mji hufanya ni lile lile. Maji yakianza kuwa na ladha, wanachimba kisima zaidi. Kuchimba chini ni kuifuata chumvi iliko. Dawa ni visima vingi vifupi vilivyotawanyika, kila kimoja kinachotwa kidogo. Gede, kule Kenya karibu na Malindi, kisima kimoja kimeonekana kiliongezwa kina, na mji uliachwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 17.

#4 Njiro_Jioni (Arusha)
Nimekaa hapa nasoma. Swali: mbona miezi miwili haijatajwa? Tulibishana wiki nzima kuiweka.

#5 Sanawari_Ramani
Kweli, dada Njiro, asante. Mwezi mkubwa unazunguka kwa siku 30, mdogo kwa siku 40, mwaka una siku 360. Nguvu ya mdogo juu ya bahari ni nusu ya mkubwa.

#6 Kijenge_Hesabu (Arusha)
Hapo ndipo pangeanzia. Kwenye dunia ya kweli nguvu ya mwezi juu ya maji ni kama mara 2.2 ya jua. Jua 1, mwezi mkubwa 2.2, mdogo 1.1. Pwani yetu bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupandisha na kushusha maji mita 3 hadi 4; maji mafu, yanapobadilika kidogo tu, kama mita 1. Chukua bamvua ya 3.5. Mwezi mdogo ukijipanga nao, jumla inatoka 3.2 kwenda 4.3, na bamvua inakuwa karibu mita 4.7. Maana yake sentimita 60 juu zaidi wakati wa kujaa, na sentimita 60 chini zaidi wakati wa kupwa.

Inatokea lini? Miezi miwili hukutana kila siku 120, na kila baada ya 60 inakuwa ama pamoja ama inaelekeana, na kwa bahari hali zote mbili ni sawa. Lakini ukitaka jua nalo liwe kwenye mstari, ni mara mbili tu kwa mwaka, kila siku 180. Hiyo ndiyo Bamvua Kuu ya Wimbini. Kila mvuvi, kila nahodha, kila mtoto wa Chazani anaijua tarehe yake.

Bamvua Kuu haifiki mjini, mita 7 ni mbali. Inafika mashambani. Mpunga wa mdomo wa mto unalimwa sentimita chache juu ya bamvua ya kawaida. Ongeza 60 na chumvi imelala shambani.

#7 Rau_Mto
Hesabu safi, lakini miezi ilikuwepo tangu mji unajengwa. Waliojenga waliijua Bamvua Kuu kama unavyosema. Kwa nini iwaue baadaye na siyo mwaka wa kwanza?

#8 Kijenge_Hesabu
Kwa sababu namba kamili ziko kwenye daftari letu tu. Mwezi mdogo ukiwa siku 40 na dakika chache badala ya 40, tarehe ya Bamvua Kuu inateleza kila mwaka. Anza nayo Januari na Julai, mto ukiwa mdogo: chumvi inapanda kidogo, inaoshwa na masika, maisha yanaendelea. Miaka mingi baadaye imefika Aprili. Mto umefurika, bahari imejaa kupita kiasi, maji ya mto hayana pa kutokea, yanasimama. Maji yakisimama yanaangusha tope pale pale. Kwa hiyo tope la KwaSadala ninalo, lakini limeletwa na miezi.

#9 KwaSadala
Nashukuru kwa kunirudishia tope langu. Na hilo linajibu Rau pia: mtepe unakaa kwenye mchanga, haukai kwenye matope ya mikoko. Mchangani mpagazi anatembea na mzigo. Kwenye tope la kufika magotini anatembea na nini? Mikoko ikishaota pale, mizizi inashika tope zaidi, na ufukwe unasogea mbele kila mwaka. Tongoni, kusini ya Tanga, kaangalieni makaburi ya nguzo yalivyo karibu na mikoko.

#10 Majengo_Chokaa (Moshi)
Mikoko mnaitaja kama adui, na mji wote umesimama juu yake. Ngoja niwaeleze nyumba ya Chazani inavyokula mikoko.

Ukuta ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu, unene wa nusu mita hivi. Matumbawe laini ya baharini yanachongwa yakiwa bado mabichi, yakikauka yanakuwa magumu. Hayo ni ya mihimili ya milango, mihrabu na vidaka, siyo ya ukuta mzima. Dari ni boriti za mkoko zimepangwa karibu karibu, juu yake vipande vya matumbawe na chokaa, vinapigwa kwa mbao siku kadhaa mpaka vishikamane. Dari hiyo ni nzito sana, na boriti haizidi mita 2.5 mpaka 3 bila kupinda, ndiyo maana vyumba vyote vya mawe vya pwani ni vyembamba na virefu. Mkichora ukumbi wa mfalme wenye upana wa mita 8 bila nguzo katikati, mmechora kitu kisichojengeka. Weka kuba au weka nguzo.

Sasa chokaa. Unapanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, unamwaga vipande vya matumbawe juu, unawasha katikati. Unaunguza mchana na usiku. Ikipoa unanyunyiza maji, mawe yanapasuka na kuwa unga, yanatoa joto kali. Unga huo haujengewi siku hiyo. Unaachwa miezi ukiwa na unyevu, kwa sababu chembe ambayo haijaiva ikiingia ukutani inavimba baadaye na kurusha lipu. Kisha sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, na mchanga uwe wa shimo au uliooshwa. Ukichota ufukweni umeingiza chumvi ukutani, na ukuta utatoka jasho kila masika miaka yote.

Hesabu magogo ya tanuri, ongeza boriti, ongeza kuni za kupikia watu 9,000. Ninachodai: Chazani ilimaliza mikoko yake. Boriti zikaanza kununuliwa Mtondooni, chokaa ikapanda bei, dari zikaanza kuvuja bila kukarabatiwa. Dari ya chokaa ikivuja inaozesha boriti, na boriti moja ikikatika inashuka na tani za mawe. Watu hawasubiri hilo.

#11 Rau_Mto
Mama Majengo, maelezo ya chokaa nayabandika kwenye daftari kama yalivyo. Ila wengi kati ya watu 9,000 hawakuishi kwenye mawe. Kila mji wa pwani ulikuwa na udongo, fito na makuti mengi kuliko mawe. Kilichobaki ni mawe kwa sababu mawe ndiyo yanayobaki. Mwenye nyumba ya makuti dari ya chokaa haimhusu. Halafu mikoko ikikatwa inaota tena, na KwaSadala anatuambia imezidi. Mmoja wenu amekosea.

#12 Majengo_Chokaa
Hakuna aliyekosea. Mikoko ni ya aina nyingi. Inayozidi kwenye tope jipya ni mchu, ndio huwahi kuota mahali papya. Mchu ni kuni na tanuri. Boriti inatoka kwenye mkoko na mkandaa ulionyooka, na huo unataka miaka mingi ya kuachwa. Mji unaweza kuzungukwa na kijani kibichi na usipate boriti hata moja.

#13 Soweto_Kusi (Moshi)
Nisahihishe #2: Kilwa haikufa 1505. Wareno waliiteka mwaka huo, ndiyo, lakini ilikuwa imeanza kudhoofika kabla yao, na karne ya 18 ikainuka tena. Kuna mkataba wa sultani wake na Mfaransa wa 1776. Bandari inaweza kulala na kuamka. Kwa hiyo swali la Chazani siyo kwa nini ilidhoofika, ni kwa nini haikuamka.

Mimi naona upepo na muda. Nahodha wa kaskazini anashuka na kaskazi, Desemba mpaka Machi. Anatakiwa auze, anunue, apakie, aondoke kusi ikiwa changa, Aprili au Mei. Juni na Julai kusi ni kali, hakuna mwenye akili anayetoka. Akikosa Mei anasubiri Agosti. Mji unaotajirika ni ule ulio mwisho wa safari ya msimu mmoja. Kilwa ilikaa pale pale: kaskazini yake unafika na kurudi ndani ya msimu, kusini yake kuelekea Sofala kwenye dhahabu unahitaji msimu wa pili. Ibn Battuta alifika 1331 na akausifu uzuri wake, na utajiri ule ulikuwa wa mtu wa katikati.

#14 Rau_Mto
Hapo Soweto nakupinga waziwazi. Km 60 ni safari ya mchana mmoja. Upepo unaofika Mtondooni unafika Chazani. Kaskazi na kusi vinaweza kueleza kwa nini ufalme wote ni tajiri; haviwezi kuchagua kati ya miji miwili iliyo jirani.

#15 Kiboriloni_Sokoni (Moshi)
Upepo hauchagui, lakini msafara unachagua. Wote mmekaa ufukweni, hakuna aliyegeuka kutazama mlima, na sisi tunaishi chini yake.

Mpagazi anabeba frasila 2, kama kilo 32. Anatembea km 20 kwa siku. Arusha hadi Moshi, km 80, ni siku nne. Mlima Barafu hadi Chazani, km 400, ni siku 20. Anakula kama kilo 1 ya nafaka kwa siku. Kilo 20 kati ya 32 anazila mwenyewe njiani! Msafara wa watu 300 unakula magunia matatu ya kilo 100 kila siku. Hakuna msafara wa pembe za ndovu unaoweza kubeba chakula chake. Unategemea masoko ya njiani, kila siku mbili tatu, yenye ziada ya kuuza na maji ya kunywesha watu 300 jioni moja. Njia ya karne ya 19 kutoka Pangani kuja huku ilifuata mto na kupita chini ya milima ya Upare kwa sababu hiyo hiyo. Na msifikirie mitumbwi: mto Pangani una maporomoko kabla hujafika mbali, mto wenu Njano nao uweke hivyo.

Sasa soko la katikati likikosa mvua misimu miwili mfululizo, halina cha kuuza. Msafara unahamia njia nyingine. Njia nyingine inatokea Mtondooni. Na hapa Soweto anapata haki yake: msafara ukichelewa wiki tatu kwa kuzunguka, pembe inafika Chazani mtepe umeshaondoka na kusi. Nahodha akirudi mikono mitupu mara moja, mwaka unaofuata anateremka Mtondooni.

#16 Sombetini_Banio (Arusha)
Kiboriloni umefika mlimani halafu ukarudi upesi. Wanaokaa juu wanafanya nini na maji?

Mfereji mmoja hauna neno. Banio, kizuizi cha kugeuzia maji yaingie mferejini, linawekwa pale mto unapobanwa na mawe: magogo, majani ya migomba, udongo, na ni vizuri livuje kidogo ili mafuriko yalipite bila kulibomoa lote. Mteremko wa mfereji uwe mdogo, mita 1 kwa kila mita 500 mpaka 1,000. Ukizidisha, maji yanakula kingo. Ukipunguza, mchanga unalala na mfereji unajaa. Kila ukoo una zamu. Wapare wana ndiva, bwawa la kukusanya maji ya usiku ili asubuhi yatoke kwa nguvu. Wachagga wana mifongo, mifereji yao, inayopita kwenye kingo za mabonde kwa kilomita nyingi.

Weka mifereji 200 ya hivyo kwenye Mlima Barafu. Kiangazi mto Njano unafika pwani umekonda. Mto ukikonda, bahari inapanda ndani ya mdomo, na chumvi inafika mashamba ambayo haikuwahi kuyafika. Mto Pangani wa kweli una tatizo hilo: maji yanatumika huku juu kwetu, chumvi inapanda kule chini. Kwa hiyo mpunga wa Kijenge uliuawa kiangazi na watu wa mlimani, haukuuawa masika na miezi.

Na wala mlimani hawana hatia wanayoijua. Wao wamelima ndizi zao na ulezi wao, na kati yao na Chazani kuna siku 20 za kutembea.

#17 Kijenge_Hesabu
Sombetini, mto ukikonda unashusha tope kidogo. Wewe na KwaSadala hamwezi kuwa sahihi mwaka mmoja.

#18 Sombetini_Banio
Tunaweza. Kufyeka msitu kunazidisha mafuriko ya masika na kunapunguza maji ya kiangazi kwa pamoja. Tope linakuja miezi mitatu, chumvi miezi mitano. Na mfano wa kuachwa bila vita tunao hapa hapa mkoani: Engaruka, Monduli. Kama hekta 2,000 za mashamba ya kumwagilia, kuta za mawe, mifereji, na watu wakaondoka karne ya 18. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama ni maji, udongo au majirani.

#19 Njiro_Jioni
Na jini wa bahari? Naye yupo kwenye daftari, na sheria yake ni kwamba hafanyi kitu bila malipo. Mimi napendekeza Chazani walimlipa afungue mlango wa mwamba, na malipo yakawa maji ya visima. Siyo laana, ni biashara.

#20 Majengo_Chokaa
Njiro mwanangu, napenda, lakini lipe kipimo. Alichukua kiasi gani, kwa muda gani, nani alitia sahihi? Jini akiwa hana kipimo atajibu kila swali la ramani hii na hatutahitaji hesabu tena.

#21 Njiro_Jioni
Kipimo: kwa kila chombo kinachopita mlangoni, uso wa maji visimani unashuka unene wa ukucha. Chombo kimoja hakionekani. Kwa kanuni ya Rau ya 1 kwa 40, ukucha wa juu ni sentimita kadhaa za chumvi chini. Vyombo 200 kwa msimu, mji unapata utajiri wake na kiu yake kwa mkono mmoja. Hakuna aliyeweza kusimamisha kwa sababu kila tajiri alikuwa na chombo.

#22 Rau_Mto
Hiyo naikubali kuliko nilivyotegemea. Inaendana na mwamba.

#23 Ngarenaro_Afya (Arusha)
Mmesahau kipindupindu. Nyumba za mawe za pwani zina choo cha shimo ndani. Watu husema weka mita 30 kati ya choo na kisima, na hiyo ni kwenye udongo unaochuja. Matumbawe yana nyufa. Kinachoingia chooni leo kinaweza kuwa kisimani kesho. Uso wa maji ukishuka, kila ndoo inavuta kutoka mbali zaidi, vyoo vikiwemo. Mifupa haiko mitaani kwa sababu watu walizikwa. Kaangalieni nje ya ukuta: kama makaburi ya kizazi kile ni mengi na hayana nguzo wala bakuli za kauri za Kichina zilizopachikwa, walizikwa haraka.

#24 KwaSadala
Nyumba zimefagiliwa, Ngarenaro. Mwenye kukimbia ugonjwa hafagii.

#25 Ngarenaro_Afya
Waliobaki ndio waliofagia.

#26 Soweto_Kusi
Kuna jambo la birika la kuhifadhi maji ya mvua. Nyumba ya mawe yenye dari ya mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, inapokea lita 60,000. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 48,000. Watu 10 kwa lita 15 wanahitaji karibu 55,000 kwa mwaka. Inakaribia kutosha! Na kwa miezi minne ya ukame wanataka lita 18,000 tu, birika la mita 3 kwa 3 kwa kina cha 2, lenye lipu ya chokaa. Tajiri hahitaji kisima cha Rau.

#27 Rau_Mto
Tajiri hahitaji. Paa la makuti halikusanyi maji ya kunywa. Kwa hiyo kwanza wanaondoka wavuvi, wapagazi, wachoma chokaa, washonaji wa mitepe. Tajiri anabaki na birika limejaa na hana wa kumshonea chombo. Hiyo ndiyo inayonipa nyumba zilizofagiliwa: wa mwisho kuondoka walikuwa na muda na watumishi wachache.

#28 Kiboriloni_Sokoni
Au mfalme aliondoka kwanza na siwa, baragumu la kifalme. Pate wana siwa ya pembe, Lamu ya shaba; palipo na siwa ndipo penye utawala. Mfalme akihamia Mtondooni na siwa, na sarafu zikapigwa kule, mahakama na soko vinafuata, na hayo mengine yote ya tope na chumvi ni visingizio vilivyopatikana baadaye. Sarafu ziangaliwe: za Kilwa zilikuwa shaba ndogo, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kusifu yanayolingana kwa vina na jina hilo, kama shairi. Zimeokotwa hadi visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, 1944. Sarafu ya mwisho kupigwa Chazani ina jina la nani? Mkilijibu hilo mna mwaka.

#29 Sanawari_Ramani
Wakuu, asanteni sana. Nimerudi kwenye mchoro wa mwaka jana na kuna kitu nilichora kwenye kisima cha sokoni bila kukifikiria, nakileta kama ushahidi. Mdomo wa kisima ni jiwe moja la duara. Kamba zimechimba mifereji kwenye ukingo: upande wa kaskazini kuna saba, kila mmoja unaingia kidole kizima, upande wa kusini kuna miwili, haifiki hata kucha. Ndani, mita 6 za juu ni mawe yaliyochongwa, halafu kuna mita moja na nusu ya mawe yasiyochongwa, yamepangwa ovyo.

#30 Rau_Mto
Mita moja na nusu! Waliongeza kina. Mita 7 na nusu kutoka ardhi ya mita 7 ni nusu mita chini ya usawa wa bahari. Kesi yangu imejisomea yenyewe.

#31 Sombetini_Banio
Imesomeka vibaya. Wamechimba kwa sababu maji yalishuka, na yalishuka kwa sababu mvua ilipungua. Mvua ile ile iliyoua masoko ya Kiboriloni. Kuchota peke yake hakushushi uso mita nzima kwenye mwamba wenye nyufa, maji yanajirudisha.

#32 Ngarenaro_Afya
Mimi natazama mifereji ya kamba. Saba kaskazini, miwili kusini. Kwa nini watu waache kuchota upande mmoja wa kisima? Upande wa kusini kuna nini, choo cha nani?

#33 Kiboriloni_Sokoni
Au kusini kulikuwa na foleni ya wageni, na wenyeji hawakutaka kuchanganyika. Wapagazi 300 jioni moja, kumbukeni.

#34 Kijenge_Hesabu
Kabla ya Jumamosi nahitaji namba moja kutoka kwa Sanawari: upana na kina cha mlango wa mwamba. Maji yote ya ghuba yanaingia na kutoka pale. Bamvua Kuu ikiongeza mita 1.2 ya tofauti kwa muda ule ule wa saa sita, mkondo mlangoni unaongezeka kwa theluthi hivi. Mkondo mkali unafagia tope na kuweka mlango wazi, na hapo nadharia ya KwaSadala na yangu zinaanguka pamoja. Mlango ukiwa mpana, mkondo unalegea na tope linalala. Mita 80 au mita 300? Bila hiyo siji na jibu Moshi.

#35 Sanawari_Ramani
Kwenye mchoro ni mita 120, kina mita 5 maji yakipwa. Lakini aliyeuchora aliandika pembeni "upande wa kaskazini umevunjwa na watu". Sijui nani kati yenu aliandika. Jitokeze.

#36 Njiro_Jioni
Ni mimi. Na hawakuuvunja bure, soma #21.